Kabla Hujatuma Pesa za Ile S-Class

Umeiona hapo Tena: Mercedes S-Class nyeusi, bei karibu na ya gari dogo. Tulia kwanza. Gari la kifahari likizeeka bei hushuka, lakini bei ya spea haishuki nalo. S-Class nyingi hubebwa na mifuko ya hewa. Ukilikuta asubuhi limelala upande mmoja, huenda hewa inavuja. Toyota Crown nyingi zina springi za kawaida, rahisi kutengeneza.

Fuata mpangilio huu:

1. Nenda asubuhi, injini ikiwa baridi, na fundi wako, si wa muuzaji.

2. Angalia namba ya gari kwenye huduma za NTSA ndani ya eCitizen. Unalipia kwa simu, paybill 222222. Ukiona jina la benki kando ya la mwenye gari, huenda mkopo haujaisha.

3. Sasa ndio utoe pesa. Lipa aliyeandikwa kwenye rekodi, si "broka", na uhifadhi ujumbe wa malipo.

Ukiambiwa, "Tuma deposit saa hii, kuna mteja mwingine," mwachie huyo mteja. Magari bado yapo. Akiba yako ni moja.