Kampala na Mama, Mdogo Wangu na Shangazi

Wengi wetu tulioajiriwa serikalini tumezoea kwenda mji mkuu kwa shughuli tu: kufuatilia mshahara uliochelewa, kupeleka faili au kuhudhuria semina. Tukirudi tunaleta mikate na sabuni, kisha tunawasimulia akina mama habari za magorofa na msongamano wa magari, nao hutusikiliza kama watu wanaosimuliwa mambo ya ng'ambo. Mimi nami nilikuwa miongoni mwa watu hao, mpaka jioni moja mama yangu, akiwa anapepeta simsim uani, aliponiuliza, "Hiyo Kampala mnayoitaja kila siku, sisi wanawake ingetudhuru nini?"

Sikuwa na jibu. Nikaanza kuweka akiba kidogo kidogo, na likizo yangu ya Desemba iliyopita ilipowadia tulikata tiketi nne za basi kutoka Arua. Tulisafiri katika wiki ya kwanza ya mwezi huo, kabla nauli hazijapanda kwa ajili ya sikukuu. Jambo hili nawakumbusha wenzangu wenye familia, kwani anayengoja wiki ya Krismasi hulipa nyingi na kukaa vibaya.

Msafara wetu ulikuwa na Mama, ambaye hakuwahi kupita Gulu tangu azaliwe. Mdogo wangu wa kike aliyemaliza masomo ya sekondari. Na Shangazi, dada mkubwa wa marehemu baba. Shangazi alikuwa amewahi kuishi Kampala alipokuwa mke wa askari. Sote tulilijua hilo, lakini yeye mwenyewe hakulizungumza kamwe. Nilipompelekea habari ya safari aliniuliza jambo moja tu: je, tutapita Nakawa? Nikamjibu kwamba tukitaka tutapita. Akaingia ndani na kutoka na furushi dogo lililofungwa kwa kanga kuukuu, akaliweka chini kabisa ya mkoba wake.

Mimi, kwa kuwa nilisomea ualimu kabla ya kuhamia ofisini, niliandika ratiba. Saa tatu Makumbusho, saa sita chakula, saa nane Msikiti Mkuu, na kadhalika kwa siku tatu, kama ratiba ya vipindi. Katika karatasi nyingine niliandika namba yangu ya simu mara tatu, nikaikata, na kumpa kila mmoja kipande chake afunge katika pindo la nguo. Vile vipande vilitufaa. Ratiba haikuvuka siku ya kwanza.

Safari ya basi yenyewe ni utalii. Kutoka Pakwach, baada ya kuvuka daraja la mto Nile, barabara hupita kando ya mbuga ya Murchison, na abiria wenye bahati huona tembo wakiwa wamesimama karibu kabisa na lami. Sisi tulimwona mmoja, naye alitupa mgongo. Karuma tulipita maporomoko na nyani wake wanaongoja ndizi za abiria. Kisha Kigumba, Luwero, na hatimaye Bombo, mji ambao kila askari anaujua. Tulipopita Bombo Shangazi aliinama kidogo na kutazama dirishani kwa muda mrefu. Mama alimpa karanga. Akazishika mkononi bila kuzila.

Asubuhi yake tulikwenda Makumbusho ya Uganda katika kilima cha Kitante. Makumbusho haya yalianzishwa mwaka 1908, nayo ndiyo makongwe kupita yote katika Afrika Mashariki. Yalihamia Kitante mwaka 1954. Nilikuwa nimejiandaa kuwafundisha, lakini Mama ndiye aliyegeuka mwalimu. Alisimama mbele ya vibuyu, vyungu na vyombo vya nyumbani, akasema kwa sauti iliyowafanya wageni wengine wageuke, "Yaani nimelipa ili nione jiko langu?" Hata hivyo hakuondoka. Alimweleza mdogo wangu kazi ya kila chombo, na kwa nini chungu fulani kina shingo nyembamba, mpaka wanafunzi wa shule moja waliokuwa karibu wakaacha kumsikiliza kiongozi wao na kumzunguka yeye. Nyuma ya jengo kuna nyumba za asili za makabila mbalimbali. Mama alizikagua paa zake, akatoa uamuzi kwamba moja imeezekwa na mtu mvivu.

Kuhusu maduka makubwa sitasema mengi. Mdogo wangu alipanda ngazi zinazojiendesha mara nne. Mama hakukubali kuzikanyaga, nasi tukaheshimu uamuzi wake.

Alasiri tulipanda Old Kampala, kilima ambacho Kapteni Lugard alipiga kambi yake mwezi Desemba 1890, na ambacho leo kinabeba Msikiti Mkuu wa Uganda. Ujenzi wa msikiti huu ulianza mwaka 1972, wakati wa utawala wa Idi Amin, ukasimama kwa miaka mingi, ukakamilishwa kwa msaada wa Libya na kufunguliwa rasmi mwaka 2008. Wanawake wa dini zote hukaribishwa, mradi wajisitiri. Asiye na vazi linalofaa huazimwa kitambaa na kufundishwa namna ya kukifunga. Shangazi hakuhitaji kufundishwa. Alisimama uani, akatazama juu, akasema, "Nilipoondoka kilikuwa kiunzi. Ndege walijenga viota humo."

Mnara wake una ngazi zaidi ya 300. Nilimshauri abaki chini na Mama, kwa maana umri wake unakaribia miaka 70. Hakunijibu, akaanza kupanda. Tulipumzika kila mzunguko, yeye akishika ukuta, mimi nikiwa nyuma yake nikihesabu moyoni. Kileleni mji wote ulikuwa chini yetu: Namirembe na Rubaga na makanisa yao, Kibuli na msikiti wake, Nakasero na magorofa yake, na lile bonde la teksi ambamo magari meupe hujibana kama punje za mahindi katika gunzi. Kiongozi alitutajia kila kilima. Shangazi alingoja amalize, kisha akauliza, "Na Nakawa?" Yule kijana alinyoosha mkono upande wa mashariki, nyuma ya Kololo. Shangazi alitazama huko mpaka kundi jingine likaja kutuomba nafasi.

Usiku huo, katika nyumba ya wageni, alifungua furushi. Ndani mlikuwa na gomesi, lile vazi la heshima la wanawake wa Buganda, la rangi ya samawati iliyofifia, pamoja na mshipi wake. Nalo halikuwa lake.

Mwaka 1979 yeye na mumewe walikuwa wakiishi katika nyumba za Nakawa, na mtoto wao wa kwanza alikuwa na miezi mitano. Mume aliondoka na kikosi chake, na hakurudi. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilitekwa, na katika siku zilizofuata mtu aliyesikika akisema lugha ya upande wetu wa West Nile hakuwa na amani njiani. Jirani wa mlango wa pili alikuwa mwanamke wa Kiganda, mama wa mapacha, na kwa sababu hiyo aliitwa Nalongo kama ilivyo desturi yao. Shangazi hakuwahi kumjua kwa jina jingine. Alfajiri moja Nalongo alimvika gomesi lake, akamfunga mshipi, akamwambia kwamba kuanzia mlangoni yeye ni bubu. Mtoto alimbeba Nalongo mwenyewe mgongoni, kwa kuwa mtoto aliye mgongoni mwa Muganda hangeulizwa ni wa nani. Wakatembea kutoka Nakawa hadi Kawempe. Kila penye kizuizi Nalongo alizungumza, akacheka na kutania. Shangazi aliinamisha kichwa. Kawempe walipata lori linalokwenda kaskazini. Nalongo akamkabidhi mtoto, akamwambia, "Gomesi utanirudishia vita vikiisha."

"Mbona hukurudi mapema?" mdogo wangu aliuliza. Nilitaka kumkemea, lakini Shangazi alijibu bila kuudhika. Kwanza walikuwa wakimbizi Sudan. Waliporudi, njia zilikuwa mbaya. Njia zilipotengemaa, fedha hazikuwapo. "Kisha ikaja aibu," akasema. "Nguo ya mtu ukikaa nayo miaka kumi, unabisha hodi useme nini? Ikawa ishirini. Ikawa thelathini."

Mtoto yule ni binamu yangu, ambaye leo ni sajini wa polisi katika mojawapo ya wilaya za magharibi. Naye alikuwa hajaambiwa habari hii.

Asubuhi niliikunja ratiba tukaenda Nakawa. Nilikuwa na habari ambayo sikuthubutu kuitoa usiku: nyumba zile, pamoja na zile za Naguru, zilibomolewa mwaka 2011 na wakazi wake wakatawanyika. Nilimwambia ndani ya teksi. Alinyamaza. Tulipofika aliupanda mteremko peke yake, akasimama mbele ya uzio wa mabati. Alitafuta mti fulani, na mti haukuwapo. Mama alimfuata, akamshika mkono, na wale wanawake wawili wazima wakasimama hapo kama watoto waliofika shuleni siku ya mapumziko.

Mama ndiye aliyesema twende sokoni. "Watu huhama nyumba," akasema, "lakini mwanamke hahami soko lake." Soko la Nakawa ni kubwa. Tulianza kuuliza habari za Nalongo, na papo hapo wanawake watatu wakaitika, kwa maana Kampala ina akina Nalongo wengi kama ilivyo na akina Mama. Tulicheka hata Shangazi akacheka. Tukaanza upya kwa utaratibu: Nalongo aliyeishi katika nyumba za Nakawa, mlango wa pili kutoka bombani, ambaye mapacha wake walikuwa wamekwisha kutembea mwaka 1979. Tulielekezwa kwa wauza nyanya, kutoka hapo kwa wauza samaki, na mwisho kwa bibi mmoja muuza maharage aliyeuliza, "Yule aliyekaanga kabalagala?" Shangazi akaketi juu ya gunia bila kukaribishwa. Naam, kabalagala, vile vitumbua vya ndizi. Alikuwa akivikaanga kila asubuhi.

Nalongo alikwisha kufariki, na kuzikwa kijijini kwao upande wa Mukono. Muuza maharage hakukumbuka mwaka. Mmoja wa wale mapacha, wa kike, huja sokoni mara moja moja kununua nafaka, lakini namba yake hakuwa nayo. Shangazi alifungua pindo la nguo yake, akatoa kile kipande cha karatasi nilichomwandikia, akampa. Gomesi hakutaka kuliacha kwa mtu mwingine. Lilirudi nasi Arua chini ya mkoba, kama lilivyokuja.

Siku zetu zilizobaki tulizitumia vizuri. Tulifika Kasubi kwenye makaburi ya Makabaka, yaliyoungua mwezi Machi 2010 na kujengwa upya, na Mama, mkaguzi wetu, alilisifu paa lake bila kinyongo. Lakini nisingekuwa mkweli kama ningesema akili zetu zilikuwa huko.

Simu iliita siku ya kumi na moja baada ya kurudi nyumbani. Nilikuwa ofisini, ilinibidi niombe ruhusa na kuendesha baiskeli mpaka kwa Shangazi, kisha nikaipiga ile namba tena. Walizungumza Kiganda kilichochanganyika na Kiswahili. Mwanamke wa upande wa pili alisema mama yao alikuwa akiwasimulia habari za yule bubu wa Kawempe, na kila aliposimulia alimaliza kwa swali lilelile: sijui kama mtoto alifika. Shangazi aliibadilisha simu sikio. "Alifika," akasema. "Ni sajini wa polisi."

Binamu yangu ameomba likizo ya siku saba ili ampeleke mama yake Mukono na lile gomesi, ambalo limefuliwa na kupigwa pasi. Tunangoja jibu la mkuu wake.