Mitoki Isiyouma na Miguu Inayokufa Ganzi

Mitoki inayouma hutukimbiza zahanati. Isiyouma tunaipuuza, nayo ndiyo nataka tuizungumzie leo, kwa kuwa huenda ikawa limfoma, yaani saratani ya tezi.

Limfoma ni za namna nyingi. Zipo za polepole. Mtu aweza kuishi nazo miaka kadhaa, uvimbe ukija na kunywea. Hizo ni nadra kuingia kwenye ubongo au uti wa mgongo, ila hutokea. Mwaka 1936 Bing na von Neel, madaktari wa Denmark, walieleza habari za wagonjwa wawili, na hali ya aina moja ya saratani hizo kuuvamia ubongo huitwa kwa majina yao hadi leo. Mara nyingi ya polepole ikifika huko, daktari hushuku kuwa imegeuka na kuwa ya kasi.

Kwetu mkoani Mara inajulikana zaidi ile ya kasi. Dakta Denis Burkitt, mpasuaji wa Mulago, Kampala, aliiandika mwaka 1958: watoto wenye uvimbe wa taya, unaoweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Hufuata maeneo yenye malaria nyingi. Ndiyo maana kuanzia 1977 hadi 1982 watoto wa Mara Kaskazini walipewa klorokwini, ionekane kama ugonjwa utapungua. Ulipungua, lakini ulikuwa umeanza kushuka kabla ya vidonge, na malaria yenyewe ilipanda tena. Jibu la wazi halikupatikana.

Taya ni nusu tu ya habari. Saratani hii huvamia pia mishipa ya fahamu. Jicho linashindwa kugeuka, mtoto anaona watu wawili wawili, uso unapinda, miguu inakufa ganzi, mkojo unaziba. Jirani atasema karogwa. Kumbe uvimbe umebana uti wa mgongo, na miguu ikiwahiwa yaweza kurudi.

Dawa nyingi za dripu hazivuki vizuri ukuta unaolinda ubongo. Kwa hiyo daktari huchota maji ya uti wa mgongo kuyapima, kisha hupitisha dawa, kama methotreksati, kwa sindano hapo hapo mgongoni. Wazazi wengine huikimbia sindano hiyo wakisema inapoozesha. Naona mara nyingi lawama humwangukia asiyehusika. Anayepoozesha kwa kawaida ni uvimbe.

Kwa mzazi wa Nyansurura, rufaa ni Bugando, Mwanza. Nauli ni nzito, najua. Lakini mtoto aliyeacha kutembea jana asingojeshwe mnada ujao ili ng'ombe auzwe. Ikopwe leo.