Turmalini: jiwe moja, rangi mbili

Kuna jiwe la pete linaloshangaza wengi: upande mmoja ni la kijani, upande wa pili lina rangi ya waridi. Wengine hudhani ni kipande cha chupa kilichopakwa rangi. Lakini jiwe hilo lipo kweli, na turmalini, ndilo jina lake, inachimbwa hata huku kwetu, kwa mfano Numbi, katika Kalehe, Kivu ya Kusini.

Rangi mbili zinatoka wapi?

Turmalini hukua polepole ndani ya mwamba. Manganizi ikiingia, jiwe linakuwa la waridi. Chuma ikizidi, mara nyingi linageuka kijani. Madini yakibadilika wakati jiwe lingali linakua, rangi nayo inabadilika. Pengine waridi hubaki katikati na kijani kuzunguka nje. Jiwe la namna hiyo likikatwa vipande hufanana na tikiti maji, na ndivyo linavyoitwa.

Maana yake

Jina linatoka katika lugha ya Kisinhala ya Sri Lanka. Huko Ulaya na Marekani, ni jiwe la waliozaliwa mwezi wa Oktoba. Rangi mbili zilizokua pamoja bila kuachana ni picha nzuri ya ndoa. Lakini haliponyi ugonjwa. Anayekuuzia kama dawa anakula pesa za watoto wako.

Mama, usidanganywe

Jiwe ambalo halijakatwa huwa kama kijiti chenye mistari inayofuata urefu wake. Ukilitazama kwenye ncha, lina pembe tatu zilizoviringana. Lililokatwa, ligeuze kwenye mwanga: mara nyingi rangi hukolea upande mmoja na kupungua upande mwingine. Ukiona mapovu madogo ndani, huenda ni chupa, au vipande viwili vilivyogundishwa.

Unayeuza, usimalize bei na mnunuzi wa kwanza. Lipimwe mbele ya macho yako. Gramu 1 ni karati 5: akitaja bei ya karati moja, zidisha kwa 5 upate bei ya gramu. Asiyejua hesabu hiyo anaweza kutoa gramu nzima kwa bei ya karati moja.

Namna ya kulitunza

Turmalini ni ngumu kuliko chupa, lakini joto la ghafla hulipasua. Vua pete kabla ya kukaa kwenye mbabula, na usiimwagie maji ya moto. Ioshe kwa maji ya vuguvugu, sabuni kidogo na brosi laini, kisha uipanguse. Ifunge peke yake katika kitambaa, mawe mengine yasiikwaruze. Usishangae ikishika vumbi: turmalini ikipata joto huvuta vumbi, na zamani Waholanzi waliitumia kuvuta majivu ndani ya viko vyao.

Someni haya pamoja katika kikundi, hasa na wamama wanaochambua mawe machimboni.