Santuri Zetu na Mnada

Si ajabu leo kusikia kwamba santuri moja ya jazi, iliyotolewa New York na kampuni ya Blue Note katika miaka ya 1950, imenadiwa kwa maelfu ya dola. Bei hupanda kwa kuwa nakala ni chache, na zisizo na mikwaruzo ni chache zaidi.

Sisi tunajiuliza: zi wapi santuri za Siti binti Saad, aliyevuka bahari mwaka 1928 kwenda Bombay kurekodi nyimbo zetu? Hizo zikianguka huvunjika kama kigae. Ndugu aliyerithi moja asiiuze kabla sauti yake haijanakiliwa. Nao viongozi wanaohusika tunawahimiza waziorodheshe zilizosalia majumbani. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.