Mabati ya Kanisa Lisilojengwa

Ndugu msomaji, fikiri kwanza jambo hili. Wakristo wa kambi moja ya machimbo wamechanga kwa ajili ya kuezeka kapela yao. Mmoja ametoa dola, mwingine kuku, mwingine dhahabu kidogo iliyopimwa kwa njiti za kiberiti. Mabati 40 yamenunuliwa. Kisha dhahabu inakwisha, habari ya machimbo mapya inatoka, na kwa majuma mawili kambi inabaki nyasi na mbwa. Mabati yako nyumbani kwa shemasi. Ni ya nani sasa?

Usijibu upesi. Shemasi akiyauza na kununua pikipiki ya kanisa, wengine watasema ameiba, hata kama pikipiki inabeba wagonjwa. Akiyaacha yakae, kutu itayala. Na wewe kijana uliyetoa njiti yako moja, uko mbali, hujui kitu.

Jambo hili si geni katika inchi zetu. Mwaka 1872 watu wa Uingereza walichanga feza nyingi ili kumtafuta na kumsaidia Daktari Livingstone, ambaye habari zake zilikuwa zimepotea. Wajumbe walifika Unguja na mizigo yao. Kumbe Stanley amekwisha kumkuta Ujiji mwaka uliotangulia! Mwezi wa Mei 1872 Stanley akatokea Bagamoyo na barua mkononi, na mkubwa wa wajumbe akajiuzulu. Stanley akatuma wapagazi 57 na vitu kwa Livingstone. Feza iliyobaki haikurudishwa. Ilisaidia kutuma safari nyingine mwaka 1873, chini ya Cameron, kwa kusudi lilelile la kumsaidia mzee yule.

Mpaka hapo, nani atalalamika? Lakini mwezi wa Oktoba 1873, Cameron akiwa mgonjwa wa homa karibu na Tabora, walifika Susi na Chuma pamoja na wenzao, wamebeba maiti ya Livingstone. Aliyechangiwa amekufa. Cameron alikwenda Ujiji kuchukua karatasi za marehemu, na mimi naona hiyo ilikuwa sawa, maana ilikuwa bado kazi ya Livingstone. Halafu akavuka Tanganyika, akaona mto Lukuga unavyotoka ziwani, akafika Nyangwe, akaendelea magharibi mpaka bahari ya Atlantiki kule Angola, Novemba 1875. Safari ya ajabu, ndiyo. Ila mjane wa Uingereza aliyetoa shilingi yake ili mzee apate dawa na nguo, je, alitoa kwa ajili ya ramani? Nafahamu kwamba barua ilichukua miezi mingi kufika, na kuuliza kulikuwa vigumu. Leo sisi tuna simu.

Sasa tazama wengine walivyofanya. Tarehe 26 Desemba 2004 bahari ilifurika huko Asia na kuua watu wengi sana. Dunia nzima ikatoa. Siku chache tu baadaye, mwanzoni mwa Januari 2005, Madaktari Wasio na Mipaka, ambao watu wa Bunia wanawajua tangu hospitali yao ya Bon Marché ya mwaka 2003, walisema hadharani: inatosha, feza ya kazi yetu ya kule tumekwisha kupata. Mashirika mengine yaliwakasirikia, yakiogopa watu wataacha kutoa. Wao wakawaandikia watoaji: mnaruhusu sadaka yenu iende kwa wenye shida wengine? Karibu wote walikubali. Feza ikaenda Darfur, ikaenda Niger kwa watoto wenye njaa, ikaenda Pakistani baada ya tetemeko la Oktoba 2005. Wachache waliokataa walirudishiwa.

Ona tofauti, msomaji. Waliulizwa kwanza.

Kwetu Boga swali hili si la vitabuni. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Mei 2021, zaidi ya watu 50 waliuawa Boga na Tchabi. Siku chache baadaye, Juni, hospitali kuu iliporwa na sehemu yake ikachomwa moto. Watu walikimbia. Basi, mtu akiwa ametoa feza ya vitanda vya wodi, na wodi imekuwa majivu, na wagonjwa wenyewe wako kambini wanalala chini? Mimi ningesema: fuateni wagonjwa. Kitanda kilikuwa kwa ajili ya mgonjwa, si kwa ajili ya ukuta. Lakini msinunue gari, wala msilipe deni la parokia, hata kama deni linauma.

Namna gani kuuliza watu waliotawanyika? Komite iwe na daftari lenye majina na kiasi. Simu ipigwe kwa wanaojulikana. Kwa wengine, tangazo lisomwe mahali walipokimbilia wengi, si mara moja tu, na komite ingoje jibu. Paulo mwenyewe hakubeba mchango wa Yerusalemu peke yake. Alitaka watu wengine wasafiri nao, asije akasemwa.

Iko njia rahisi zaidi, nayo ni kusema mapema. Siku ya kutangaza mchango, mzee wa kanisa aseme: hii ni ya mabati ya kapela, ikiwa kambi itahama kabla ya kujenga, mabati yatafuata watu kwenye kambi mpya, au yatakwenda kwa shule ya karibu. Iandikwe daftarini, watu wawili watie sahihi. Ni dakika mbili tu.

Na mtoaji mmoja akisema, hapana, nirudishieni yangu, mrudishieni bila kununa. Yeye alitoa kwa kapela ile.