Kochi la China na fundi wa Rubona

RUBONA, Rubavu

Nyumba nyingi mpya kati ya Gisenyi mjini na Rubona, kando ya Ziwa Kivu, zina makochi, vitanda na meza za televisheni kutoka China. Mafundi seremala wanalalamika kuwa wateja wamewakimbia. Wafanyabiashara nao wanajibu kuwa mteja hununua kinacholingana na mfuko wake. Wote wana hoja, lakini chanzo cha jambo hili kiko mbali.

Sehemu kubwa ya samani hizo hutoka mkoa wa Guangdong, kusini mwa China, ambako mji wa Foshan unasifika kwa viwanda na masoko ya fanicha. Katikati ya miaka ya 2000 China iliipita Italia na kuongoza duniani kwa kuuza samani nje. Siku hizi mauzo hayo huzidi dola bilioni 60 kwa mwaka.

Kwa nini bei iko chini? Kiwanda hukata maelfu ya miguu ya meza kwa kipimo kimoja, na sponji, vitambaa na bawaba hutengenezwa jirani. Ukataji wa misitu ya asili kwa biashara ulipigwa marufuku China nzima mwaka 2017, hivyo viwanda huagiza magogo nje, au hutumia ubao wa vumbi la mbao lililoshindiliwa kwa gundi. Kabati husafirishwa likiwa vipande vipande, kontena moja likabeba mengi hadi Mombasa au Dar es Salaam.

Hata hivyo, viwanda hivyo navyo vina shida zake. Marekani iliwawekea ushuru wa ziada kwa samani za chumba cha kulala mwaka 2005, kisha ushuru wa asilimia 10 kwa samani nyingi mwaka 2018, uliopanda hadi 25 mwaka 2019. Baadhi vikahamia Vietnam. Mwaka 2021 kampuni kubwa ya ujenzi, Evergrande, ilishindwa kulipa madeni, na ujenzi wa nyumba ukadorora China. Asiyehamia nyumba mpya hanunui kabati. Mwenye kiwanda lazima atafute soko kwingine, na Afrika ni mojawapo.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilijibu. Kuanzia Julai 1, 2022 ushuru wa samani kutoka nje ya Jumuiya ulipangwa kuwa asilimia 35, badala ya 25. Ni nafuu kwa fundi, lakini ushuru haukaushi mbao.

Hapo ndipo penye tatizo letu. Libuyu hutoka Kongo, jirani kabisa, kwa hiyo fundi wa Rubona yuko karibu na mti kuliko mwenzake wa Foshan. Lakini akiunda kitanda kwa ubao mbichi, kitapinda na viungo vitaachia, na mteja hatarudi. Samani za vumbi la mbao nazo zina udhaifu wao: maji ya kudekia yakizifikia miguuni, huvimba na kumeguka, wala fundi hana pa kupigilia msumari tena.

Sisi tuliosoma uhamishoni Tanzania tulikalia madawati ya mninga yaliyochongwa na mafundi wa pale pale, na tuliyarithi kutoka kwa kaka zetu. Leo, nikiwa mwalimu, nawafikiria vijana wanaojifunza useremala. Kijana akikosa wateja ataliuza randa lake, aende kubeba mizigo mpakani. Ufundi ukishapotea hivyo, haurudishwi kwa ushuru.

Mfanyabiashara, kabla ya kuagiza mzigo, pindua meza uone chini imeundwa kwa nini, kisha mweleze mteja ukweli. Fundi, anika mbao zako chini ya paa, zitenganishe kwa vijiti hewa ipite, usizikimbilie. Fuata vipimo vilivyo sawa, na siku uliyoahidi iwe ndiyo siku ya kukabidhi. Bei ya China hutaiweza, lakini kitanda kitakachodumu hadi kwa wajukuu unaweza kukitengeneza hapa hapa Rubona.