Moshi wa asubuhi: motokari yako inakuambia nini?

Kila asubuhi, kabla ya kazi kuanza, mashofere wanawasha kamioneti zao. Moja inapeleka ekipi karyeri, nyingine inachukua vyombo, nyingine inangoja kukimbiza mgonjwa hospitali. Nyuma, kwenye tiyo, kunatoka moshi. Wengi hawautazami. Wanasema: «Ni baridi tu, motere ikipata moto utakwisha.» Mara nyingine ni kweli. Mara nyingine si kweli, na motokari inakufa njiani au mtu anaumia. Dalili ya mvua ni mawingu. Ugonjwa wa motere nao una dalili yake: ni moshi.

Ndugu shofere, ukienda garaji usiseme tu: «Motokari inatoa moshi.» Hilo halimsaidii fundi. Mwambie mambo manne: moshi una rangi gani, unatoka wakati gani, unadumu muda gani, na una harufu gani. Kwa majibu hayo fundi atajua pa kuanzia, wala hatafungua motere nzima bure.

Kwanza tufahamu kazi ya motere

Motere ya mazutu haina cheche ya moto. Pistoni inabana hewa ndani ya silindri mpaka inapata moto wa zaidi ya digri 500. Hapo enjektere inarusha mazutu, nayo inawaka yenyewe. Basi vinatakiwa vitu vitatu: hewa ya kutosha, kubana vizuri, na mazutu yenye kipimo. Kimoja kikikosa, moshi unatokea.

Hapa kwetu kuna sababu mbili zaidi. Asubuhi za mwezi wa sita na wa saba ni baridi, na chuma cha motere kinanyang'anya hewa joto lake. Tena Lubumbashi iko juu, karibu meta 1.200 kupita bahari, na Kolwezi iko juu zaidi. Huko hewa ni nyepesi. Motere inapata hewa pungufu kwa zaidi ya sehemu 10 juu ya 100.

Moshi mweupe

Moshi mweupe mwepesi, usio na harufu kali, unaopotea baada ya dakika chache, ni mvuke wa maji tu. Usiogope.

Moshi mweupe mzito, unaochoma macho na kunuka mazutu, ni mazutu yasiyowaka. Motere inatetemeka, kisha inatulia ikipata moto. Mara nyingi kosa liko kwenye buji za kupasha moto: moja au mbili zimekufa, na silindri zake hazichomi. Lakini angalia kwanza kama kosa si lako. Ulingoja taa ya buji izimike kabla ya kupiga demarere? Batri ina nguvu? Buji zikiwa nzima na moshi ukaendelea, fundi atapima kubana kwa silindri na saa ya pompi ya mazutu.

Moshi mweupe usiokwisha hata motere ikiwa moto, wenye harufu tamu-tamu, na maji ya radiatere yanapungua kila siku: hapo ni hatari. Maji yanaingia ndani ya silindri, pengine kizibo cha kati ya kichwa na mwili wa motere kimeungua. Vuta kijiti cha kupimia mafuta: mafuta yakiwa na rangi ya maziwa, usiwashe tena. Maji hayabaniki kama hewa. Silindri ikijaa maji na ukapiga demarere, mkono wa pistoni unapindika, na motere imekwisha.

Moshi wa bluu

Rangi ya bluu ni mafuta ya motere yanayoungua. Ukitoka mara moja tu asubuhi, kisha ukapotea, sababu ni mpira wa supapu uliochoka: usiku mafuta yameteremka polepole ndani ya silindri. Motokari inaweza kufanya kazi bado, lakini pima mafuta kila siku.

Moshi wa bluu ukidumu, na ukizidi unapopanda mlima na mzigo, basi pete za pistoni zimelika. Kama motere ina turbo, fundi atazame pia mafuta katika tiyo ya hewa. Wala usisahau sababu nyepesi kuliko zote: mtu amejaza mafuta kupita alama ya juu ya kijiti.

Moshi mweusi

Huu ni mazutu mengi na hewa kidogo. Motere ya zamani ikitoa wingu dogo jeusi wakati wa kuwashwa, si neno. Lakini likiendelea, anza na filtri ya hewa. Barabara za karyeri ni vumbi tupu, na filtri inaziba upesi kuliko mjini. Usiipige chini. Usiipulizie hewa ya komprese kwa nguvu kubwa, itatoboka. Kutembea bila filtri ni vibaya zaidi: vumbi la mawe linasaga silindri kama msasa. Filtri ikiwa safi na moshi ukabaki mweusi, enjektere zinavuja au pompi inatoa mazutu kupita kipimo.

Moshi usioonekana

Sasa tunafika kwenye jambo kubwa kuliko motere, nalo ni uhai wako. Katika moshi wa kila motokari kuna hewa ya sumu iitwayo monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu. Inashika damu kwa nguvu inayopita mara 200 ile ya oksijeni, na damu haibebi tena uhai. Motere za esansi zinaitoa kwa wingi zaidi, lakini zile za mazutu nazo si salama. Mwaka 2012, shirika la kimataifa la uchunguzi wa kansa, lililo chini ya OMS, lilitangaza kwamba moshi wa mazutu unaleta kansa ya mapafu.

Kwa hiyo:

— Usiwashe motere ndani ya garaji iliyofungwa kwa ajili ya baridi. Fungua milango yote, au toa motokari nje kwanza.

— Tiyo ya moshi iliyotoboka itengenezwe siku ileile. Moshi unaingia ndani ya kabini, na kwa watu waliokaa nyuma chini ya bashi.

— Chini ya udongo, kama Kipushi au Kamoto, hewa ni ile inayoletwa na mashine. Motokari yenye moshi mwingi isiteremke huko.

— Usirushe eteri katika motere yenye buji za kupasha moto. Inaweza kulipuka usoni mwako.

— Usifungue kifuniko cha radiatere ikiwa moto.

Mwenzako akilalamika kichwa kinauma, kinazunguka, anataka kutapika au anasinzia karibu na motere inayofanya kazi, usimcheke kwamba amelewa. Fungua milango, zima motere, mtoe kwenye hewa safi. Asipopumua, msaidie kupumua kama mlivyofundishwa. Kisha mpeleke hospitali, hata akisema amepona. Nawe usikawie ndani ya moshi. Wako wanaokufa kwa kwenda kuokoa.

Kazi ya dakika tano

Asubuhi, kabla ya demarere: pima mafuta, tazama maji, angalia chini kama kuna kuvuja. Washa, shuka, tazama tiyo ya nyuma. Ukiona jambo geni, liandike katika kitabu cha motokari na umwambie shefu. Shefu naye asijibu: «Maliza safari kwanza.» Buji moja ya kupasha moto ni bei ndogo mbele ya motere mpya, na motere mpya ni bei ndogo mbele ya mtu mmoja asiyerudi nyumbani jioni.